Kutengwa na sungusungu au kutafunwa na umbea?

Usukumani, tangu sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, waenee mwanzoni mwa miaka ya 1980, aibu ina utaratibu wake. Mtu anaitwa mkutanoni, anatajiwa kosa, na akikaidi anatengwa: hakuna wa kumsalimu wala kumwazima jembe. Ni adhabu kali, na wapo waliochapwa kwa tuhuma tu. Ila ina mlango wa kutokea: lipa faini, urudi kundini.

Umbea hauna mlango huo. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliuanika katika riwaya yake Rosa Mistika (1971). Akiwa hai, Rosa haitwi mbele ya mkutano wowote. Baba mlevi anamchunga kwa kipigo, wanaume wanamchezea, kisha mchumba anamkataa kwa kuwa si bikira (huyo mchumba mwenyewe nani alimuuliza?). Anajiua. Kitabu nacho kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, kana kwamba kosa lilikuwa kusimulia.

Hadi leo mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki jijini Mwanza, binti akipata mimba, jina lake linawafikia wachuuzi wa dagaa kabla jua halijazama. La kijana aliyehusika husikii. Mimi ningechagua mkutano. Pale angalau namwona anayenishtaki, na naweza kumjibu.