Wiki Tatu na Vitz ya Wifi Yangu

Mimi hushona na kufunga mapazia. Kitambaa nanunua Eastleigh hapa Nairobi, nashonea Kasarani, na wateja wangu wametapakaa kuanzia Ruaka hadi Syokimau. Gari kwangu ni chombo cha kazi kama cherehani. Kwa miaka 11 nimetumia stesheni wagoni ya cc 1800 iliyoundwa 2003, na mwaka huu swali la kuiuza nichukue gari dogo lisilokunywa mafuta limeninyima usingizi.

Lilianza Machi, Outer Ring, karibu na Allsops. Mshale wa joto ulipanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, nikaegesha kando. Nyuma nilikuwa na mapazia ya sebule ya mama mmoja wa Syokimau aliyengoja wageni wa mahari asubuhi yake. Nilikodi pikapu kwa shilingi 3,500 na nikafunga pazia la mwisho saa tano usiku. Baada ya rejeta zikaja bushi, kisha shoki za nyuma. Risiti zote naziweka kwenye kopo la vifungo. Nilipozijumlisha, mwaka mmoja ulikuwa umekula shilingi 87,400, na gari limelala gereji siku 19. Fundi wangu wa Grogan, mtaa wa gereji na spea, anayelijua gari hilo kuliko mimi, alijipangusa mikono akaniambia, "Mama, hii gari nitakutengenezea kila ukiileta. Lakini itakuwa inarudi."

Ndipo wifi yangu akasafiri kwenda Kisii kumuuguza mamake, akaniachia Vitz yake ya 2013, gari dogo la Toyota, ile ya cc 1000. Wiki tatu nimefanyia nayo kazi zangu zote.

Kwanza mafuta, maana kila mtu hudai gari lake linakwenda kilomita 20 kwa lita. Vijitabu vya Japani husema hivyo, lakini Japani si Thika Road saa kumi na mbili jioni. Nilipima hivi: nilijaza tangi mpaka mkono wa pampu ukajikata wenyewe, nikarudisha kihesabu cha safari kwenye sufuri, nikaendesha wiki nzima, kisha nikajaza tena kwenye pampu ileile. Vitz ilikuwa imekwenda kilomita 312 kwa lita 21.6, yaani 14.4 kwa lita. Langu nilikuwa nimelipima vivyo hivyo: kilomita 298, lita 33.5. Hata 9 haikufika. Nilirudia hesabu mara mbili kwa sababu sikutaka kuamini nimekuwa nikimwaga pesa kiasi hicho.

Mjini Vitz ni raha. Urefu wake haufiki mita 4, na pale Eastleigh, mahali ambapo nimezoea kuzunguka mara tatu nikitafuta nafasi, niliingia kati ya mkokoteni na lori la vitambaa bila kumsumbua mtu. Usukani ni mwepesi. Waipa ya mbele ni moja tu, kubwa, na ile mvua ya Jumanne iliyofurisha barabara ilinitia hofu kabla sijaiwasha, lakini ilifagia kioo vizuri. Likisimama kwenye taa unausikia mtikisiko wa injini ya silinda tatu kwenye kiti. Siku ya tatu nilikuwa nimeshausahau.

Kilichonishinda ni mlima. Nilitoka Ruaka kuelekea Banana nikiwa na msaidizi wangu, marobota mawili ya kitambaa kizito na cherehani ya mkononi, kiyoyozi kimewashwa. Nilikanyaga mafuta mpaka chini, injini ikalia, matatu ikanipita, kisha lori nalo likanipita. Nilizima kiyoyozi ndipo likapata pumzi. Kwa mtu anayekwenda ofisini peke yake na mkoba, hiyo cc 1000 inatosha kabisa na ningemshauri aichukue. Kwa mzigo wangu, hapana. Vitz ya umbo hilohilo iko pia na injini ya cc 1300 ya silinda nne, na dereva wa teksi mtaani kwetu aliye nayo alinifungulia daftari lake: anapata wastani wa 13.

Halafu kuna fimbo za pazia. Hapa niliogopa zaidi, maana buti ni dogo sana, linajaa kwa robota moja. Lakini ukilaza viti vya nyuma na kusogeza mgongo wa kiti cha abiria nyuma, fimbo ya mita 2 inapita mpaka karibu na dashibodi. Nilizifunga kwa shuka zisikwaruze plastiki ya wifi. Za mita 3 haziingii kwa namna yoyote. Hizo nimezoea kuzichomoza dirishani kwenye stesheni wagoni, jambo ambalo si salama na nilipaswa kuwa nimeliacha zamani.

Sasa pesa. Naendesha kama kilomita 1,300 kwa mwezi. Kwa gari langu hizo ni lita 146, kwa Vitz ya 1300 ni lita 100. Tuseme lita ni shilingi 180, tofauti ni kama 8,300 kila mwezi. Dalali ananipa 330,000 kwa gari langu, na Vitz ya 1300 niliyoiona ni 820,000. Naongeza 490,000. Mafuta peke yake yatanirudishia pesa hizo baada ya karibu miaka mitano! Nikikopa zote kwenye Sacco kwa asilimia 1 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 4,900, zaidi ya nusu ya akiba ya mafuta. Bima kamili nayo itapanda, kwa kuwa gari lina thamani zaidi. Hata Oktoba 2023, petroli ilipofika shilingi 217 hapa Nairobi, hesabu hii isingebadilika sana.

Kinachoigeuza ni lile kopo la vifungo. Siku 19 bila gari ni nyumba ambazo sikuzifunga, na mama wa Syokimau hajanipigia tena.

Kwa hiyo nabadilisha, ila si kwa mkopo wa kila kitu. Nina 300,000 za akiba, na 190,000 zilizobaki nitakopa kwa mwaka mmoja. Nitachukua iliyokwisha kutumika humu nchini badala ya kuagiza, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na changa zaidi zinanizidi mfuko. Jina lenyewe Toyota waliliacha Japani mwaka 2020, sasa linaitwa Yaris, lakini spea za Vitz zimejaa Grogan. Giaboksi yake ni CVT, yaani otomatiki inayobadilisha mwendo kwa mkanda bila gia za hatua, na fundi amenisisitizia itiwe oili ya CVT, si ile ya giaboksi za kawaida. Nimeandika hilo kwenye jalada la daftari.

Jumamosi tunakwenda naye yadi ya Kiambu Road. Yeye atakuwa na mashine yake ya kusoma injini, mimi nitabeba fimbo moja ya mita 2, na kabla ya kutaja bei nitaomba tupande nalo mlima.