Kisado changu cha zabibu na mlinzi wa getini Dodoma

Naandika hii nikiwa bado na hasira, ingawa wiki kadhaa zimepita. Baba watoto ananiambia niache, eti ni mambo ya zabibu tu. Si mambo ya zabibu. Ni maneno niliyoambiwa mbele ya wanangu na kijana ambaye ningeanza mapema kidogo ningeweza kumzaa.

Jina la mahali silitaji, sitaki kesi. Ni bustani ya watoto ya kulipia, nje kidogo ya mji wa Dodoma: kuna bwawa la kuogelea, bembea, mtelezo na lile puto kubwa la kurukia. Kama una watoto utaelewa kwa nini tulikwenda. Kama huna, hebu jaribu kukaa sebuleni kwa watu siku mbili na watoto watatu wa Dar waliozoea kupiga kelele.

Tulipanda treni ya SGR Ijumaa. Kuhusu treni sina neno, tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024 kila mtu ameshaisifia. Naongeza moja tu: watoto wakae dirishani mkikaribia Kilosa. Kwenye yale mahandaki wangu walipiga kelele kila giza lilipoingia, na mzee mmoja wa kanzu kiti cha nyuma, badala ya kuchukia, akawa anawahesabia: "Moja... mbili... haya, pigeni!" Watu wazuri bado wapo nchi hii. Tatizo hawawekwi getini.

Tulifikia kwa wifi yangu, Ilazo. Usiku, tukila, akawasimulia watoto ile hadithi ya jina la mji: tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, akawa anazama huku watu wanamwona, ndipo Wagogo wakasema "idodomya", amezama. Mkubwa alicheka. Wa kati, ana miaka saba, hakucheka. Akauliza tembo alitolewa? Shangazi yake akasema hapana. Nikajua hapo tumeshaharibu kitu, na kesho yake kikaonekana.

Jumamosi asubuhi tukaanzia Nyerere Square. Bure, watoto wakakimbizana kuzunguka pale kwenye sanamu ya Mwalimu, tukapiga picha, jua likatufukuza. Dodoma jua lake si la jasho kama letu, ni kavu, midomo inapasuka huku unajiona uko sawa tu. Beba mafuta. Bunge tuliliona kwa nje tukiwa kwenye gari la wifi. Mkubwa akauliza kama wale wanaogombana kwenye runinga ndimo wanamogombania, baba yake akamwambia ndimo, na wanalipwa. Baba yake mwenyewe roho yote ilikuwa Msalato, maana Jumamosi ndiyo siku ya mnada na nyama choma ya pale ameisikia miaka. Nikakataa kuwapeleka watoto kwenye moshi na ng'ombe. Mpaka leo ananikumbusha. Anasema tungekwenda Msalato yasingetokea yaliyotokea, na kinachoniuma zaidi ni kwamba yuko sahihi.

Halafu tukapita soko la Majengo kununua zabibu.

Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na sisi tuliangukia msimu. Mama aliyetuuzia alikuwa ameweka beseni mbili chini ya mwavuli, anachambua zilizopasuka kwa kidole gumba, anazitupa pembeni, nzima anazirudisha. Wanangu shangazi yao alikuwa amewafundisha salamu ya Kigogo, wakamkaribia wote watatu kwa pamoja: "Mbukwenyi!" Yule mama alicheka mpaka akashika kiuno. Akawapa kila mmoja tawi, akawakingia kiganja wateme mbegu, maana zabibu za kule zina mbegu, si hizi za kumumunya. Kisado kimoja, elfu nane baada ya kubembelezana, kikiwa kimejaa mpaka kimefanya kichuguu. Na juu ya kichuguu akaongeza tawi jingine, "la hao wanaojua kusalimia".

Nimelieleza hilo tawi kwa makusudi. Lishikeni.

Saa sita tukafika bustanini. Tumeshalipa kiingilio, watu wazima na watoto, risiti mkononi. Kijana wa getini ananiangalia mkono.

"Hicho nini?"

Hakuna shikamoo, hakuna karibu mama, hakuna hata habari. Nikamwambia zabibu.

"Vyakula kutoka nje haviruhusiwi."

"Ni matunda ya watoto, kaka yangu."

"Bango lipo. Soma."

Bango kweli lipo. Limepigiliwa kwenye mwarobaini, upande wa ndani, unalisoma ukiwa unatoka.

Sasa hapa niseme haki. Nina mgahawa mdogo Tabata, viti kumi na viwili. Mtu akija na wali wake wa kwenye hotpoti akakalia kiti changu, namwangalia kwa jicho ambalo wateja wangu wanalijua. Sheria hiyo naielewa kuliko huyo kijana. Kwa hiyo nikamuuliza kwa upole, kama mfanyabiashara kwa mfanyabiashara: ndani mnauza zabibu? Hatuuzi. Matunda yoyote? Hatuuzi matunda. Sasa nawaharibia biashara gani?

Ndipo akasema. Wala hakupandisha sauti, na ndiyo maana inaniwasha, alisema kama mtu anayetaja nauli:

"Mama, kama huna hela ya kununua ndani, ungebaki na watoto nyumbani."

Foleni nyuma yetu ilikuwa na watu wasiopungua kumi. Mmoja akaguna. Mume wangu akawa anasoma risiti, risiti yenye mistari minne, akaisoma kama mkataba wa kiwanja. Na yule wangu wa miaka saba akanivuta kanga: "Mama, kwani hatuna hela?"

Nina elfu sitini kwenye pochi, nimetoka Dar na familia nzima, nimelipa kiingilio cha watu watano, halafu mwanangu ananiuliza kama hatuna hela. Mji ni makao makuu ya nchi, umepewa hadhi ya jiji tangu 2018, mawaziri wanapishana barabarani, lakini getini wamemweka mtu ambaye hajafundishwa kusema "samahani mama, ndio utaratibu". Maneno manne. Ningekiacha kisado mwenyewe, na pengine ningemwachia tawi.

Nikakiacha kwa hasira. Akakisukuma kwa mguu chini ya kiti chake. Kwa mguu, chakula.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshapanga kuandika kwamba pale msiende kabisa. Lakini kuna mambo ya ndani, na nikiyanyamazia nitakuwa mwongo.

Vibaya kwanza, harakaharaka: bembea nne, mbili zimefungwa kwa mnyororo. Maji ya mia sita yanauzwa elfu moja mia tano. Chipsi kuku zilichukua karibu saa nzima, na kuku alikuwa amekaa muda kwenye mafuta akitafakari. Juisi waliyonayo ni ya boksi, na mnaweza kukisia picha iliyochorwa kwenye boksi. Zabibu! Zabibu za huko zilikotengenezewa, zimevuka bahari, zimepita getini salama bila kuulizwa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Vyoo visafi, nakiri, vina maji na sabuni, sikutegemea.

Sasa bwawa. Wa kati alifika ukingoni akagoma. Mdogo wa miaka minne yuko kwenye dimbwi la watoto anapiga maji, mkubwa kasharuka, yeye amekumbatia nguzo ya mwavuli. Namuuliza nini, hasemi. Namvuta, analia. Akaja kijana wa bwawani, mwembamba, kaptula nyekundu, filimbi shingoni. Akachuchumaa wakawa macho kwa macho, akamuuliza anaogopa nini. Mtoto akanong'ona: "Tembo alizama."

Mimi ningesema acha ujinga. Yule kijana akafikiri. Akamwambia tembo alizama kwenye tope kwa sababu alisimama wima. Angelala chali kama mtu anayeangalia nyota, asingezama. Njoo tumfundishe tembo kulala. Akaingia naye kwenye kina cha kiuno, mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine chini ya mgongo. Nilikuwa nimesimama karibu, niliuona mgongo wa mwanangu umekaza kama ubao, mashavu yamejaa pumzi, macho yamefumbwa. Kijana anaongea taratibu tu, masikio yakiwa majini sijui hata kama alikuwa anasikia. Kidogo kidogo vidole vya miguu vikachomoza. Halafu kijana akashusha mkono wa mgongoni, nikaona nafasi ya maji kati ya kiganja na mwanangu, na mtoto yuko juu.

"Tembo hajazama leo," akasema. Mwanangu akacheka, akanywa maji, akakohoa, akataka tena. Alirudia mpaka midomo ikawa na rangi ya kijivu. Nikataka kumpa yule kijana elfu tano, akakataa, akaniambia nimnunulie mtoto kitu cha moto kwanza.

Hasira yangu yote ikaanza kuyeyuka pale. Nilikuwa nimefika kwenye nyota nne, nasema kweli. Nikamwambia mume wangu, yule wa getini labda ana mambo yake, labda hajalipwa mshahara.

Saa kumi na moja tukatoka. Kisado kipo pale pale chini ya kiti. Nusu.

Kichuguu hakuna. Tawi la nyongeza hakuna. Chini pale kwenye mchanga vikonyo vimelala kama mifupa ya dagaa, na mbegu zimetemwa duara kuzunguka miguu ya kiti. Kijana akaniangalia bila hata kufuta mdomo: "Tulionja kidogo, mama."

Kuonja! Kuonja ni punje mbili. Nusu kisado ni chakula cha mchana. Vyakula kutoka nje haviruhusiwi kuingia ndani, kumbe kuingia tumboni mwa mlinzi vinaruhusiwa. Nikaomba kuonana na meneja, nikapewa namba, nikapiga pale pale. Meneja akanisikiliza, akasema wana sera yao, akasema watalifanyia kazi, akaniambia nikirudi nitapewa soda moja bure. Soda moja. Tuko watano.

Nikaapa. Wifi ni shahidi, niliapa kwenye gari kwamba mguu wangu pale basi.

Jumapili mpango ulikuwa Chinangali, ile bustani ya jiji, na mchana turudi kufunga mizigo. Asubuhi wa kati ameamka mapema, amevaa kaptula ya kuogelea juu ya suruali, amekaa mlangoni. Anataka kumwonyesha anko wa filimbi kwamba amefanya mazoezi kitandani usiku. Utafanyaje? Baba yake akajifanya yuko na simu. Shangazi yake akasema tu, "Wifi, mtoto huyo," akanyamaza.

Tukarudi. Nilikuwa na aibu kama mtu anayerudi dukani alikotukana. Zabibu zilizobaki nilizipakia kwenye kontena, nikazizika kwenye begi la mdogo chini ya taulo na nguo za kubadilisha. Kama vita, vita. Nilishajiandalia hotuba njiani nzima, ina vipengele vitatu.

Getini hakuwa yule. Alikuwa mama mtu mzima, sare imempwaya mabegani. "Karibuni wanangu, poleni na jua." Akafungua begi, akapitisha mkono, akakuta kontena. Akafunua kidogo. Akaniangalia, nami nikamwangalia. Akafunika, akarudisha taulo juu, akavuta zipu mwenyewe.

"Mbegu wasitemee kwenye maji," akasema, na kumwita mtu wa nyuma yangu.

Hotuba yangu yote ikabaki kooni.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mpeleke watoto, sijui niwajibu vipi. Kama mna mtoto anayeogopa maji, nendeni, mtafuteni kijana wa kaptula nyekundu. Kama ni Jumapili, nendeni. Kama ni Jumamosi chungulieni kwanza nani amekaa kwenye kile kiti, na mkimwona kijana aliyenona kwa zabibu za watu, geuzeni gari, Msalato siyo mbali. Mimi nilikuwa nimeweka nyota nne tena. Tatizo kile kisado nilirudi nacho Dar, sasa kiko jikoni nahifadhia vitunguu. Nimetoka kuchukua kitunguu sasa hivi, nimeona kile kialama alichokiacha kwa kiatu alipokisukuma. Nimerudi nimepunguza moja. Na bado sijapika.