TAHADHARI: mzee wa senti za 1969-S pale gulioni Columbus

Jamani, yule mzee wa meza ya kona, mwenye baraghashia na Kiswahili cha pwani kilichonyooka, ni TAPELI. Anauza senti za Marekani za 1969 zenye herufi S, alama ya kiwanda cha San Francisco; chache mno kati yake zina maandishi yenye pacha, na hizo ndizo za bei. Kanilamba dola 600, na nilipomrudia akajifanya hanijui. Najua mtanicheka. Chekeni, lakini someni.

"Karibu mwanangu." Akanimiminia kahawa ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Haraka hana. Akafungua kibahasha cha karatasi, akalaza senti ya Lincoln juu ya kitambaa cheusi, akanikabidhi lensi. "Anza na mwaka." Nikatazama: 1969, kila tarakimu na pacha wake ubavuni. Neno LIBERTY vilevile. Halafu akashusha sauti: "Sasa iangalie hiyo S chini ya mwaka. Nayo ni mbili! Za wenzako S ni moja tu. Hii ndiyo adimu kuliko zote."

Ishikeni hapo hiyo S.

Mtaniuliza niliaminije. Mzee hakukosea historia hata chembe! Alinisimulia Secret Service, maafisa wa serikali ya Marekani wanaosaka pesa bandia, walivyozikamata baadhi ya senti hizi wakidhani ni bandia, kwa sababu kuna watu walikuwa wametengeneza za kughushi za 1969 zisizo na S, na baadaye ikathibitika hizi za S ni halali. Akanionyesha kwenye simu ile iliyouzwa mnadani 2008 kwa dola 126,500. Nimechunguza, yote kweli. Yangu anaitupa kwa 600 kwa kuwa kodi ya nyumba imemkaba na mimi ni "damu ya nyumbani". Mtu kakuita mwanangu, kakunywesha kahawa, utamdai cheti cha uhakiki? Nani kati yenu angemdai?

Muuza sarafu wa mjini aliitupia jicho mara moja, akaisukuma kwangu: "Hii ni senti moja." Thamani yake ndiyo hiyo.

Sasa ile S. Enzi hizo S iligongwa kwa mkono kwenye muhuri wa chuma unaogonga sarafu, baada ya picha na maandishi kuwa tayari. Kwa hiyo kwenye 1969-S adimu ya kweli mwaka na maandishi yana pacha, S HAINA. Ukiona S nayo ina pacha, muhuri ulilegea mashineni, ukateleza na kuparua kila kitu kwa pamoja. Hizo zimejaa tele. Pacha wake ni bapa, kama kingazi kilichochongwa ubavuni mwa herufi, na herufi yenyewe hukonda. Pacha wa kweli ameumuka kama herufi mama, herufi hunenepa, na pembeni panabaki kijipengo. Yaani lile jizee lilininyooshea kidole kwenye ushahidi wa wizi wake likauita adimu!

Huyu anyang'anywe meza. Aitiwe polisi, na picha yake ibandikwe mlangoni pale wanapouza sambusa. Na hiyo chupa ya kahawa imwagwe! Asiniambie mtu habari za kumstahi mzee. Mvi zake ndizo mtaji wake.

Jumapili naenda na risiti ya benki na karatasi aliyoandika kwa mkono wake "1969-S halisi". Mwenye gari anipitie saa tatu asubuhi, na mwingine yeyote aliyeuziwa naye aje na senti yake.