Projekta ndogo ya ukutani: uzoefu wangu na muvi, ngano za bibi na mjusi kafiri

Kama unatafuta picha kali ya kuhesabia nywele za mwigizaji, nunua TV. Nalisema mapema kwa sababu kila jirani anayeingia kwetu usiku huuliza "bei gani?" kabla hata ya kukaa, na ninavyoona kinachomshangaza ni ukubwa tu. Ukubwa upo. Ukali wa picha ni habari nyingine.

Yetu ni ile projekta nyeupe ya LED iliyojaa Kariakoo, kila duka inaitwa jina lake ilhali umbo ni lile lile. Muuzaji alianzia laki mbili na nusu, tukamalizana kwa laki na themanini, rimoti na stendi ndani. Nikaipakata kwenye basi hadi Tanga. Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na burudani yake: watoto na katuni kwenye simu, kila mmoja na kona yake, baba yao na mpira kibandani, mama mkwe, ambaye tunaishi naye, na redio yake. Nilitaka kitu cha kutukusanya baada ya chakula cha usiku. Kwa hiyo naipima kwa hilo, si kwa hesabu za mafundi.

Ila hesabu nazo tuziseme, maana kwenye maandishi ya boksi ndipo watu wanapopigwa. Boksi langu linajigamba lumeni (kipimo cha mwanga) 9,000 na "4K", yaani picha kali sana. Kipimo cha kuulizia ni lumeni za ANSI, ambapo mwanga hupimwa sehemu tisa za picha kisha ukachukuliwa wastani. Projekta za bei hii mara nyingi hazifiki hata 300 kwa kipimo hicho, na ndiyo maana boksi limekaa kimya juu yake. Hiyo "4K" nayo ina maana kwamba inakubali faili la 4K, halafu inalishusha hadi uwezo wake yenyewe, ambao kwa yangu ni pikseli, yaani vidoti vya picha, 1280 kwa 720. Usiku, taa zimezimwa, inatosha kabisa. Saa tisa alasiri, pazia likiwa wazi, utaona ukungu unaozungumza.

Ukiiweka mita mbili na nusu kutoka ukutani, picha inapata upana wa karibu mita moja na sentimita themanini, yaani inchi 80 hivi. Iweke ikiutazama ukuta moja kwa moja. Ukiielekeza juu, picha inakuwa pana juu na nyembamba chini. Kuna kitufe cha kuinyoosha, lakini inanyooka kwa kupoteza sehemu ya pikseli, na wewe huna za kupoteza. Shuka jeupe linafaa siku moja mbili, mpaka feni ya dari iwashwe na nyuso za watu zianze kucheza. Ukuta ni bora. Uwe na rangi nyeupe ya maji, maana ya mafuta inang'aa na kuchoma macho katikati ya picha.

Jambo ambalo boksi halikuandika ni wadudu. Dirisha likiwa wazi, mwanga unawaita, wadudu wanamwita mjusi kafiri, na mjusi kafiri anaingia kwenye muvi. Kwetu amekwisha kupita juu ya paji la uso wa bwana harusi wa Kihindi wakati anaapa, na watoto wakacheka mpaka tukarudisha nyuma tuone tena. Weka wavu wa dirisha. Au usiweke.

Sauti ya ndani ni ndogo, na feni ya kupooza inaizidi kwenye sehemu za kunong'ona. Nimechomeka waya wa kawaida wa vipokea sauti kwenda kwenye sabufa, tatizo likaisha. Bluetooth ipo, lakini kwa yangu sauti inachelewa kidogo: mtu anafunga mdomo, ndipo neno linatoka. Kwa muziki hutagundua. Kwa muvi utachukia.

Upande wa kupata muvi zenyewe, kuwa na subira. Programu kubwa za filamu za kulipia huhitaji kifaa kilichoidhinishwa. Kisipoidhinishwa, ama programu haifunguki ama picha inashushwa hadi 480p, yaani ukali mdogo. Ukijaribu kurusha kioo cha simu ukutani, unaweza kupata sauti na picha nyeusi tii, kwa sababu ya ulinzi wa hakimiliki. Ninachotumia mimi ni flashi, na waya wa HDMI kutoka kwenye king'amuzi au kompyuta. Flashi nayo ina mtego: baadhi ya faili, hasa za MKV (aina ya faili la video), sauti yake ni ya mfumo wa Dolby ambao projekta nyingi za bei rahisi hazina leseni ya kuusoma, basi unaona midomo inacheza bila neno. Ukiligeuza faili kwenye kompyuta sauti iwe ya mfumo wa AAC, inasikika.

Kwa umeme haili sana. Yangu inatumia wati 60 hivi. Muvi ya Kihindi ya saa mbili na nusu ni kama sehemu 15 za mia ya yuniti. Sabufa ndiyo ya kuichunga.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike haya yote.

Mama mkwe ni mtu wa Pangani, na muvi za nje hazimpi shida hata moja, kwa sababu hazisikilizi. Anaziangalia kama ngano. Dakika ya kumi tu ameshampa kila mtu cheo chake: yule mama wa kambo, huyu mtoto wa mwisho anayedharauliwa, yule fisi, na kweli ukifuatilia unakuta hajakosea. Mume wangu amekulia kwenye mabanda ya video enzi za kanda, wakati Lufufu alipokuwa anasimulia muvi za Kichina na za Kimarekani kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, anafafanua, anaongeza chumvi, anamkanya jambazi kana kwamba jambazi anamsikia. Wenzetu wa Kenya wana DJ Afro kwa kazi hiyo hiyo. Basi mume wangu amejipa kazi ya kuwa Lufufu wa sebuleni. Anapunguza sauti kwa rimoti, anatafsiri kwa mbwembwe, na mama yake anamsahihisha.

"Huyo hakusema hivyo, baba. Tazama macho yake."

"Mama, kasema. Nimemsikia."

"Umesikia mdomo. Mie nakwambia ya moyoni mwake."

Kwenye simu haya hayawezi kutokea. Skrini ya kiganja haina nafasi ya mtafsiri wala ya mpinzani wake. Hapa ndipo nasema pesa yangu ilirudi. Ukiwa mtu wa kunyamazisha watu muvi inapoanza, hutapata unachokitaka kwenye kifaa hiki, kwa sababu picha kubwa huvuta watu, na watu huja na midomo yao.

Halafu umeme hukatika. Projekta hii haina betri, kwa hiyo kila kitu kinazima papo hapo. Taa ya LED haidhuriki kama zile balbu za projekta za zamani, ambazo zilihitaji feni iendelee kuzipooza hata baada ya kuzimwa. Mara ya kwanza ilipotukuta, binti kafungiwa ndani ya jumba, baba yake yuko njiani na hajui lolote, giza! Watoto wakapiga kelele za kukata tamaa. Bibi yao akasema tulieni, mie nawamalizia. "Paukwa!" Wakajibu "Pakawa!" Akashuka nayo: kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana Siti, kijino kama chikichi... Kufika hapo binti wa Mumbai ameshahamia Pangani, jumba limekuwa la jini, na sungura ametokea kusikojulikana kuja kufungua komeo. Umeme uliporudi nilitaka kuwasha. Mdogo akanizuia mkono.

Tangu hapo tuna desturi. Tukiwa na muvi tunayoipenda, ile ambayo kila mtu anajua nani atakufa, tunaisimamisha katikati kwa makusudi na kumpa bibi aimalizie. Mwisho wa muvi halisi tunauangalia siku nyingine, tena mara nyingi kwa malalamiko. Watoto wanasema wa bibi una akili zaidi. Nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ila bibi hana huruma kabisa na mama wa kambo. Hajawahi kumwacha hai hata mmoja.

Matumizi mengine ambayo muuzaji hakuyafikiria: weka picha nyeupe tupu, una mwanga mweupe wa inchi 80 kwa michezo ya vivuli. Vidole viwili juu ni sungura, kiganja kinachofungua na kufunga ni fisi. Mkubwa wangu amejifunza kwamba akisogea karibu na lenzi fisi anakuwa mkubwa kama nyumba, na ukingo wake unafifia. Angalizo kwa wazazi: mtoto asitumbulie macho lenzi wakati inawaka, mwanga wake ni mkali. Sisi tumeiweka juu ya kabati, wao wanatumia fimbo na vipande vya boksi vilivyokatwa maumbo.

Kasoro inayonikera kweli ni vumbi. Limeingia ndani ya lenzi, kuna doa la kijivu upande wa kushoto chini, linaonekana kwenye matukio ya usiku. Ya bei kubwa kidogo hutengenezwa sehemu ya kioo ikiwa imezibwa, na ningekuwa na laki nyingine ningeiongezea hapo kabla ya kufikiria pikseli zaidi. Kwa sasa naifunika kitambaa ikipoa.

Ukienda kununua, beba flashi yako mwenyewe yenye muvi mbili, moja iwe MKV, na mwambie muuzaji afunge mlango wa duka au mwingie stoo. Angalia pembe nne za picha kama maandishi yanasomeka, si katikati tu, maana hizi hufifia pembeni. Iache iwake dakika ishirini huku mnapatana bei, uisikilize feni. Na dhamana yoyote anayokutajia kwa mdomo, aiandike kwenye risiti.