Rungu la i ula kutoka Fiji: vesi, mvinje, na lile la mti mwepesi

Nina marungu matatu ya i ula ukutani: moja la vesi (mti mgumu unaoota Fiji), moja la mvinje, na moja la mti mwepesi uliopakwa rangi nyeusi, lililouzwa kama "la Kipolinesia". Fiji, nchi ya visiwa katika Pasifiki, kwa kweli huhesabiwa Melanesia, ila ni jirani wa Tonga na Samoa, zilizo Polinesia, na Watonga walikuwa wakivuka bahari kufuata vesi ya kuundia mitumbwi.

I ula ni rungu fupi la kurusha, ambalo wapiganaji walilichomeka kiunoni, mara nyingi mawili kwa pamoja. Anayelijua rungu la Kimaasai atalitambua umbo. Kichwa huwa laini au chenye mafungu kama boga, na mpini huchorwa mistari ya kupindapinda ili usiteleze mkononi.

Ili kujua rungu limetengenezwa kwa mti gani, anza na mizani ya jikoni. La vesi lina sm 41 na gramu 640. La mvinje, kwa ukubwa uleule, gramu 760. La tatu gramu 340 tu. Rungu la ukubwa huo likiwa chini ya gramu 450, jua ni mti mwepesi, hata rangi iwe nzuri vipi. Kisha tazama vinyweleo vya mbao kwa kioo cha kukuzia: vesi ina chembe za manjano kama unga ndani yake. Sugua sehemu isiyopakwa kitu kwa kitambaa cheupe chenye maji. Vesi huacha rangi ya kahawia, rangi ya dukani huacha weusi.

Kinachoniudhi zaidi katika marungu ya watalii ni shingo. Zamani fundi alitumia mche pamoja na shina la mizizi yake, ambalo ndilo lililokuwa kichwa, hivyo nyuzi za kichwani zilisukana. Siku hizi mengi hukatwa kwenye ubao. Kabla ya kulipa, fuatisha nyuzi kwa kidole kutoka kichwani hadi kwenye mpini. Zikikata shingo kwa mshazari, liache: likianguka sakafuni, linaweza kuvunjika hapo shingoni.

Mvinje ni mti uleule wa pwani zetu. Fiji wanauita nokonoko, Tonga na Samoa toa. Ni mgumu na mzito ajabu, lakini hupasuka ukikauka haraka. Langu lilitoa ufa wa sm 6 kichwani kwa sababu lilipelekwa moja kwa moja kwenye chumba chenye kiyoyozi. Rungu jipya lifunge kwa magazeti, lipake nta ya nyuki kwenye ncha zote mbili, ambako unyevu hutoka haraka zaidi, uliweke kivulini wiki 6 ukilipima kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, litundike.

Ukiona vitundu vya milimita 1 au 2 na unga laini chini yake, ni bungua. Hupenda mbao changa za nje, zile nyeupe zaidi. Funga rungu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukilitoa, usifungue mifuko kwa saa 24, maana umande utatua juu ya mbao.

Kutundika: tumia ndoano za chuma cha pua zilizovikwa kitambaa. Msumari wa kawaida hukutana na utomvu wa vesi na kuacha madoa meusi yasiyotoka. Mafuta ya nazi huvunda na kunata vumbi. Nta kidogo mara moja kwa mwaka inatosha. Michoro iliyojazwa chokaa isiguswe na mafuta kabisa, isafishe kwa brashi kavu.

Rungu lililopambwa kwa jino la nyangumi sikushauri ulinunue, kwa sababu linahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mengine yapeleke kwenye mzigo wa chini ya ndege, maana rungu haliruhusiwi ndani. Ukipitia Australia au New Zealand litangaze forodhani. Likiwa na bungua watalipulizia dawa au kulichukua.

Kwa pesa yangu, ningenunua tena la vesi.