Friji la inveta lililozimika na fundi wa Mwanga, Kigoma: uzoefu wangu

Nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja nitasema imepotelea wapi.

Umeme ulikatika jioni, na uliporudi ulikuja na nguvu isiyo ya kawaida: taa zikang'aa kupita kiasi, friji likazimika jumla. Ndani mna migebuka ya wateja. Fundi wa kwanza alifungua nyuma, akaitazama bodi, ile sahani ya saketi inayoliendesha friji, kwa macho tu, akasema imekufa, niagize nyingine. Bei ya Dar es Salaam ilikuwa shilingi 190,000, usafiri juu yangu. Jirani ndiye aliyenielekeza kwa fundi redio mmoja pale Mwanga.

Huyu alianza kwa kunyonya chaji iliyobaki kwenye kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kwenye bodi, ndipo akashika mita. Fyuzi ilikuwa imekatika, lakini hakukimbilia kuibadilisha. Alipima kwanza kile kidude cha bluu, bapa na duara, kinachokaa jirani na fyuzi. Kinaitwa varista. Umeme ukiwa wa kawaida hukaa kama hakipo. Ukipanda kupita kiwango chake, hupitisha mkondo mkubwa ghafla, fyuzi ikakatika na vya mbele vikasalimika. Mara nyingi chenyewe hufia hapohapo. Cha kwetu kilikuwa kimepasuka ubavuni na mita ikalia: shoti. Fyuzi mpya peke yake ingekatika palepale.

Nilimuuliza kama hawezi kukiondoa tu, maana migebuka haisubiri. Akanijibu: "Naweza mama, na friji litawaka sasa hivi. Ila umeme ukipanda tena, utaniletea bodi ya kutupa." Hapo ndipo nilipomwamini.

Kapasita kubwa nayo ilikuwa imevimba kichwa. Ilikuwa ya mikrofaradi 47 (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi chaji), volti 400. Alinieleza kwamba umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa DC, yaani umeme wa mkondo wa upande mmoja, hufika kama 325, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni ndogo. Ukiingia wa 290 umeshaipita 400. Akaweka ya volti 450, mikrofaradi zilezile. Volti zaweza kuzidi, zisipungue, na upande wa hasi usigeuzwe, la sivyo itapasuka.

Kilichonifurahisha zaidi ni jaribio la mwisho. Aliunganisha balbu ya zamani ya wati 100 kwenye laini, umeme upite kwanza kwenye balbu ndipo uingie kwenye bodi. Balbu ikiwaka kwa nguvu, bado kuna shoti. Yetu ilimeta, ikafifia. Friji likanguruma nyumbani usiku uleule.

Sasa ile nyota. Varista aliyoiweka badala ya ile iliyopasuka aliitoa kwenye bodi chakavu ya televisheni. Namba iliyoandikwa juu yake ni ileile, 471, na aliipima mbele yangu, lakini bei alinitoza kama ya spea mpya. Risiti hana, waranti ni ya mdomo, mwezi mmoja. Tena aliahidi asubuhi, nikaipata bodi magharibi, samaki wamehamia kwa jirani.

Jumla nililipa 35,000. Ukienda kwake mpelekee bodi yenyewe, si friji zima, na piga picha ya nyaya kabla hujazichomoa. Mwambie mapema unataka spea mpya. Ijumaa mchana hufunga kwa ajili ya swala.