Wanzuki ya asali Tabora: kilabu ninachorudi na kile nilichokikimbia

Nikiingia kilabuni siku hizi siulizi bei kwanza. Nauliza, "Imekaa siku ngapi?" Mpishi akijibu moja kwa moja, "Ya juzi, baba, leo ndiyo imefika," navuta benchi. Akiniambia "we kunywa tu," namwachia shukrani na kuondoka.

Mimi mtu wa Kisarawe, kazi ndiyo imenileta Tabora. Nimekulia kwenye tembo la mnazi, lile la asubuhi unampa hata bibi harusi na la jioni linamwangusha mgema mwenyewe. Pombe inayobadilika kila baada ya saa chache naijua. Kitu nilichokuwa sikijui ni asali kuwa pombe, yaani hii wanzuki.

Kilabu changu kiko upande wa Ng'ambo. Usitafute kibao, hakuna. Ni ua wa miti, mwembe mmoja mkubwa (Tabora kivuli ni cha mwembe, usihangaike kutafuta kingine), mabenchi mawili, magogo matatu, na jaba la bluu limefunikwa kitambaa cheupe. Mwenye kilabu ni bibi mtu mzima. Watu wote wanamwita Bibi na mimi sijawahi kumsikia jina.

Mwezi wa 6 nilifika mapema, saa 8 mchana, nikamkuta kazini. Alikuwa na beseni la masega yaliyokwisha kukamuliwa asali. Akayamiminia maji ya uvuguvugu, akaingiza mikono yote miwili, akawa anayafinya taratibu kama mtu anayefua kitambaa cha hariri. Maji yakageuka rangi ya chai isiyokolea. Akayachuja kwenye kitambaa, akaongeza asali yenyewe kutoka kwenye ndoo, akaonja kwa kidole, akaongeza tena. Mwisho akatia kikombe cha machicha ya pombe iliyopita. "Hiyo ndiyo inaiamsha," akasema. Hamira ya dukani hataki kuisikia.

Yale masega nikadhani yanatupwa. Bibi akanitazama kama mtoto. Aliyafinyanga madonge, akayaweka juu ya kichanja yakauke, baadaye ayayeyushe apate nta. "Nta nayo hela." Ndipo nikaelewa jambo ambalo wazee wa hapa hulisema: zamani watu walipika pombe ya asali kwa ajili ya kunywa, nta ikabaki uani, mpaka wafanyabiashara walipokuja kuitafuta. Haishangazi kwamba hata Chuo cha Nyuki kimewekwa mji huu. Msitu wote wa miombo unaouzunguka ni maua.

Sasa ladha. Kwanza pua inapata nta, ile harufu ya mshumaa uliozimwa. Ulimini unakuja utamu kidogo, si wa sukari, halafu mapovu madogo yanachomachoma, halafu ukakasi kooni. Ya siku ya pili ni tamu na ya akina mama. Ya siku ya tatu ndiyo yenyewe. Ya siku ya nne niliijaribu mara moja, nikafika nyumbani kwa hisani ya bodaboda.

Bibi hakupi kikombe mkononi hivi hivi. Anachota kwa kata, anakunywa yeye funda moja mbele yako, anafuta ukingo kwa kidole gumba, ndipo anakupa. Ni desturi ya kukuonyesha hakuna sumu ndani. Mimi usafi wa kidole gumba kile nina maswali nao, kwa hiyo nakwenda na kikombe changu. Hajanuna.

Mara ya kwanza kukaa pale waliniuliza kwetu wapi. Niliposema Mzaramo, benchi zima la Wanyamwezi likalipuka. Mtani kapatikana! Mzee mmoja akasimama kabisa: "Babu zetu walitembea kwa miguu hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, ninyi mkawapokea kwa maneno matupu. Leo lipa!" Nikamjibu, "Na kanzu mliyorudi nayo mlipewa na nani?" Wakacheka mpaka Bibi akaja kuona kuna nini. Jagi la lita tano nililipia mimi lakini. Kwa utani wa Mnyamwezi na Mzaramo hakuna rufaa.

Kile nilichokikimbia kiko karibu na stendi, jina nalihifadhi. Kina rangi mpya, spika, na wanzuki inakaa kwenye friji ndani ya chupa za maji. Baridi yake iliniteka mara mbili. Mara ya tatu nikagundua haina harufu ya nta hata kidogo. Nilipombana dada anayehudumia akasema kwa unyonge kwamba asali imepanda, wanatumia sukari, hamira, na majani ya chai kwa ajili ya rangi. Pombe ya sukari si dhambi, wapo wanaoipenda. Basi iuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Asubuhi yake kichwa changu kilikuwa ngoma.

Nimepita pia kwa mama mmoja aliyehamia kutoka upande wa Mpanda, anapika kimpumu ya ulezi. Unakunywa kwa mrija huku ukiongezewa maji ya moto. Inashibisha kama uji, sikuimaliza.

Nenda kati ya saa 10 na saa 1 jioni, baadaye zinaanza nyimbo na madeni. Ukiitwa pembeni uonyeshwe kidumu cha gongo, kataa. Ni marufuku kisheria na imepofusha watu. Bibi nampa tano kwa tano, choo ukikiondoa. Choo nakipa moja, kwa sababu kipo.

Likizo iliyopita nilitaka kina kaka wa Kisarawe waonje. Nikabeba dumu la lita tano kwenye treni, nikakaza mfuniko kwa nguvu zangu zote, nikalaza chini ya kiti. Usiku wa manane ukatoka mlio kama risasi. Behewa zima lilinuka asali mpaka Dodoma, na viatu vya jirani yangu viligandana na sakafu. Niliporudi nikamsimulia Bibi. Hakunipa hata pole.

"Inapumua hiyo," akasema, "sasa wewe ukaiziba pua."